Pole, makiwa na jibu la mfiwa

Mnamo Agosti 2023 nilifuatana na rafiki yangu, mwalimu mstaafu, kwenda kumpa pole mzee mmoja katika kijiji kilicho kando ya barabara inayotoka Malindi kuelekea Sala. Binti wa mzee huyo na wajukuu zake wawili walikuwa wameingia msitu wa Shakahola na hawakutoka. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe. Tulimwamkia, akatuitikia, akatuletea viti. Nilipoona wakati umewadia nikamwambia, kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote, "Pole sana, mzee."

Sisi tuliolelewa Pwani tuna jibu la neno hilo. Ukiambiwa pole, unajibu "nimepoa" au "nishapoa". Mzee yule alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Pole yako nimeipokea, mwalimu. Lakini bado."

Nimefundisha Kiswahili chuo kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki ni lini jibu la neno moja limenishughulisha kiasi hicho. Njia nzima ya kurudi Malindi niliwaza: mzee amenijibu kisarufi. Nimemwambia neno lenye maana ya kupoa, naye amenijulisha kwamba hajapoa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maneno yetu ya kumliwaza mtu, yalikotoka na tunavyoyatumia leo. Ndiyo mada yangu juma hili, msomaji mpenzi.

Tuanze na hilo *pole* lenyewe, kwa sababu ndilo tunalolitumia kila saa. Ukijikwaa barabarani, wapita njia watakuambia pole. Ukitoka shambani na jembe begani, utaambiwa "pole na kazi". Ukishuka basi baada ya safari ndefu, ni "pole na safari". Ukiugua, ukifeli mtihani, ukiibiwa, ukifiwa, ni pole. Neno hilo halimuulizi anayelitamka kama yeye ndiye aliyesababisha mashaka. Mtu hukuambia pole hata kama ndio kwanza anakuona maishani mwake.

Asili yake si siri. *Pole* ni ndugu wa *polepole*, wa *upole* na *mpole*, na wote hao wana nasaba na kitenzi *poa*. Wanaisimu linganishi wa lugha za Kibantu wameuunda upya mzizi wa zamani sana ambao maana zake ni kuwa baridi, kutulia na kupata nafuu. Kiswahili kina tabia ya kuidondosha *l* katika maneno mengi ambayo jirani zetu wameihifadhi. Wagiriama husema *mvula*, sisi tunasema mvua. Wao husema *ndzala*, sisi tunasema njaa. Kadhalika, panapo *poa* yetu, Mijikenda wana *hola* au *phola*, kutegemea ni lugha gani kati ya lugha zao tisa inayozungumzwa. Katika kitenzi *poa*, *l* ilituponyoka. Katika *pole*, tukabaki nayo. Maneno haya mawili ni kama ndugu wa tumbo moja, ila mmoja kapoteza jino.

Kwa hiyo, tunapomwambia mtu pole, tunamtakia apoe. Tunayachukulia mashaka kama moto. Chai hupoa, uji hupoa, hasira hupoa, na uchungu pia hupoa. Jambo la kutia maanani hapa ni kwamba mwenye kupewa pole hajibu "nimepona". Kupona ni kitenzi kingine, chenye mzizi mwingine. Aliyepona ameondokewa na ugonjwa. Aliyepoa bado ana jeraha, ila haliwaki tena. Wahenga waliotuachia maneno haya walijua kwamba ziara ya dakika kumi haimponyi mfiwa. Walichotarajia ni joto lipungue kidogo. Vijana wanaoulizana "mambo?" na kujibizana "poa" wanadhani wamezua lugha mpya, ilhali wanalitumia jibu lile lile la mjane wa Mambrui. Sina ugomvi nao.

Majirani zetu Mijikenda wamelikuza wazo hili la baridi na joto kuliko sisi. Kwao, ugonjwa, ugomvi na kifo huleta joto katika mji, na kazi ya wazee na waganga ni kuupoza. Kitenzi chao *hoza* au *phoza*, yaani kufanya kitu kipoe, ndicho kinachotumika pia kwa kutibu. Na hawaishii kwa walio hai. Mzee wa chama cha gohu akifa, na baadaye akamjia jamaa yake ndotoni kulalamika kwamba amesahauliwa, familia humchongea kigango, mti mrefu wenye nakshi za pembetatu, na kumfanyia kafara ili atulie. Aliyekufa naye, kumbe, hupewa pole.

Ndiyo sababu wizi wa vigango uliozagaa katika mkoa huu tangu miaka ya sabini na themanini haukuwa wizi wa mbao. Baadhi viliishia katika makumbusho na majumba ya matajiri wa Marekani. Kimoja kilichoibwa mwaka 1985 kutoka kwa familia moja ya Kilifi kilirejeshwa mwaka 2007 baada ya kutambuliwa kwa picha iliyopigwa na mtafiti. Ukimwibia mtu kigango cha nduguye, umeibatilisha pole aliyokwisha kumpa maiti wake. Joto linarudi upya.

Sasa tuje kwa neno la pili, ambalo nina deni nalo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni nilirudi nyumbani likizo nikakuta jirani yetu amefiwa na mumewe. Nyanya yangu akanichukua twende kuhani. Tulipoingia, nikamshika mkono yule mama nikasema, "Pole, mama." Nyanya hakusema kitu pale. Tulipotoka nje ndipo aliponigeukia.

"Mwanangu, yule kwani kajikwaa?"

Nikamwambia hapana, amefiwa.

"Basi mbona wampa pole ya kidole? Pole ni ya mwenye homa, ni ya mwenye kutoka safari. Mfiwa huambiwa *makiwa*."

"Naye hujibu nini?"

"Itategemea. Kama bado mbichi, atakwambia *tunayo*. Siku zikenda, atakwambia *yamepita*. Mwenyewe ndiye ajuae."

Nilikuwa nimesoma isimu miaka miwili na nilijiona msomi. Lakini somo lile la njiani, la dakika tatu, ndilo ninaloendelea kulitafuna hadi leo.

*Makiwa* linatokana na *ukiwa*, yaani hali ya upweke, ya kuachwa, ya mahali palipokuwa na watu na sasa hapana. *Mkiwa* ni mtu asiye na wa kumtazama. Kwa hivyo neno *pole* lamtakia mtu hali ambayo bado hajaifikia, ilhali *makiwa* lataja hali aliyomo. Anayekuambia makiwa hakuhimizi upoe. Anakuambia: nimeuona ukiwa wako, ndio huo. Nawe una hiari ya kumjibu kwa wakati uliopo, kwamba tunayo, au kwa wakati uliopita, kwamba yamepita.

Tazama pia lile neno *mfiwa*, kwa kuwa sarufi yetu hapa ina hekima ambayo wengi wetu tunaipita mbio. Kitenzi ni *kufa*. Tukikitia kauli ya kutendea twapata *kufia*. Tukikitia tena kauli ya kutendewa twapata *kufiwa*. Kifo, ambacho kwa kweli kimemfika mwingine, katika Kiswahili kinamtenda pia aliyebaki. Mtu husema "nimefiwa na baba", yaani yeye ndiye aliyefanyiwa jambo. Zipo lugha nyingi duniani ambazo hulazimika kuzunguka kwa maneno matano ili kulisema hilo. Sisi tunalo ndani ya kitenzi kimoja.

Na si ajabu kwamba watu wa mwambao huu walilihitaji neno la ukiwa. Waliishi nao mlangoni. Anayetoka Malindi kwenda Watamu ataiona njia inayoingia Gede. Mji huo wa mawe, wenye msikiti wa Ijumaa, kasri, visima na nyumba zenye vyoo vya ndani, ulihamwa katika karne ya 17. Msitu ukaota juu ya vyumba vya kulala. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuuchimbua mwishoni mwa miaka ya arobaini, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii huja kuona magofu. Mswahili wa zamani aliyepita pale aliona makiwa.

Malindi yenyewe, mji huu wa leo wenye hoteli na pirikapirika, iliwahi kuwa mahame. Huu ndio mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Lakini miaka ya 1590 mtawala wake alihamia Mombasa, Wareno walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu, na Malindi ikaanza kufifia hadi ikabaki magofu na vichaka. Mwaka 1861 ndipo Sultani Majid wa Unguja alipotuma askari na mji ukaanza kukaliwa upya. Mashamba ya mtama na ufuta yakalimwa, na waliolima walikuwa watumwa, watu waliong'olewa makwao mbali na pwani. Kila mmoja wao alikuwa mkiwa kwa maana kamili ya neno. Mji ukatoka ukiwani kwa migongo ya wakiwa.

Kaskazini zaidi, huko Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha kutunga *Al-Inkishafi*, utenzi unaoyatazama majumba yaliyoanguka na kuuliza waliokuwamo wako wapi. Wasomi wengi huusoma kama mawaidha ya dini, na ni kweli ni mawaidha. Mimi nikiwafundisha wanafunzi wangu huwaambia wausome pia kama makiwa marefu, aliyopewa mji mzima.

Msamiati wetu wa faraja haukuishia hapo. Kuchanganyika kwetu na Waarabu kwa karne nyingi kulituletea maneno mengine, na kila moja likapewa kazi yake. *Faraja* na *fariji* yanatoka kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kufunguka, ya dhiki kupata mwanya. *Taazia* ni kumliwaza mfiwa, na baadaye ikawa pia utungo wa kumsifu aliyefariki. *Tanzia* kwetu ni habari za kifo, na katika taaluma ya fasihi ndilo jina la mchezo wa kuigiza unaoishia kwa huzuni. Halafu kuna *rambirambi*. Gazetini hutumwa kwa risala: mheshimiwa fulani atuma risala za rambirambi. Huko Tanzania rambirambi ni hata fedha zinazochangwa na kukabidhiwa familia, kazi ambayo Waswahili wengine huiita *ubani*.

Ukiyapanga maneno hayo utaona tofauti. Risala ya rambirambi hutumwa, na anayeituma hasubiri jibu. Pole na makiwa hayatumwi hivyo. Hayo ni nusu ya mazungumzo. Ni kama hodi. Mtu hapigi hodi akaondoka kabla ya kuambiwa karibu.

Kamusi zetu kwa bahati mbaya hazina desturi ya kuandika nusu ile ya pili. Neno huwekwa kushoto, maana yake kulia, basi. Wa kwanza kutuwekea msingi wa kamusi kubwa ya Kiswahili alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe, Rosina, alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Miaka miwili baadaye, Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakajenga kituo Rabai, ambayo leo imo katika kaunti ya Kilifi, na kazi ya kukusanya maneno ikaendelea. Kamusi ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya Krapf kufariki. Kila nikiifungua hukumbuka kwamba hayo maelfu ya maneno yalianza kuorodheshwa na mfiwa, katika mji ambao mfiwa alikuwa na neno lake maalumu na jibu lake maalumu. Orodha imetufikia. Mazungumzo yenyewe yalibaki vinywani mwa akina nyanya.

Makiwa hata hivyo hayakufa. Yamo katika kamusi zetu sanifu. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi, mamilioni ya watoto wa Kenya, kutoka Busia hadi Wajir, wamekariri jedwali la maamkizi: *sabalkheri*, *masalkheri*, *alamsiki*, na humo kati, *makiwa*, jibu lake *yamepita*. Ukimuuliza mtoto, atakujibu bila kusita. Lakini siku jirani yake atakapofiwa, hatalitumia. Tumelifanya neno la mtihani. Nimewahi kuuliza darasa langu la mwaka wa kwanza, wanafunzi zaidi ya sitini, ni nani aliyewahi kumwambia mtu makiwa nje ya darasa. Mikono minne iliinuka. Wote wanne walitoka Pwani.

Pole nayo imepatwa na jambo lake, na hapa sharti tusimame kidogo.

Mwenzangu mmoja ofisini huchelewa mikutano, na kila akiingia husema, "Poleni, nimechelewa." Mimi humjibu, "Tumepoa," naye hucheka bila kujua kwa nini nacheka pia. Mwenye kuchelewa hawezi kutupa pole kana kwamba kuchelewa kwake ni mvua iliyotunyea. Anachotakiwa kuomba ni msamaha. Tunayo maneno tele ya kazi hiyo: *samahani*, *kunradhi*, *niwieni radhi*, *nisameheni*.

Kosa hili halikutoka hewani. Waingereza wana neno *sorry*, ambalo kwao hufanya kazi mbili: kuomba msamaha na kumsikitikia mtu. Mkenya anayeishi katika lugha mbili aliliona *pole* linafanana na lile neno katika kazi moja, akalitwika na ile ya pili. Jambo la kufurahisha ni kwamba mzigo ulivuka pande zote mbili. Mgeni kutoka Uingereza akijikwaa Nairobi hushangaa kuona watu wasiohusika wakimwambia *sorry*. Hujiuliza wamemfanya nini. Hawajamfanya lolote. Wanampa pole kwa Kiingereza.

Kuna wanaosema, "Profesa, lugha hubadilika, tuachie." Ni kweli hubadilika, na mimi si askari wa kumkamata mtu kwa neno. Mtu akinikanyaga kidole akaniambia pole, siwezi kumlaumu sana, maana kidole kweli kinauma na pole naihitaji. Aliyefunzwa vizuri husema yote mawili: samahani kwa kosa lake, pole kwa uchungu wangu. Linalonikera ni pale lile la pili linapotumiwa kulikwepa la kwanza. Kwa sababu msamaha humfunga anayeuomba. Anakiri kwamba alifanya, au aliacha kufanya. Pole haimfungi kwa lolote. Anayeitoa hujiweka kundini mwa wapita njia.

Hapo ndipo Shakahola inaponirudia.

Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu huo. Walipomaliza, miili ilikuwa imezidi 400, mingi ikiwa ya watoto na wanawake, na wengi wao walikuwa wamekufa kwa njaa katika mfungo walioaminishwa kwamba ungewafikisha mbinguni. Miili ikalazwa katika makasha ya baridi ya hospitali ya Malindi, ikisubiri vipimo vya vinasaba ili kila familia ijue wake ni nani. Wakubwa walikuja kwa magari na kwa helikopta. Walisema pole. Zikatumwa risala za rambirambi, nyingi. Machi 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilitoa ripoti iliyosema kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walizembea, kwamba taarifa zilifikishwa kwao mapema na hawakuchukua hatua. Siku chache baadaye familia za kwanza zikakabidhiwa miili zikazike. Na kabla ya vidonda kufunga, mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo la Chakama, si mbali na pale pale.

Sasa, msomaji, lipime neno. Jirani, shehe, padri, mwalimu, mpita njia, wote hao wana haki ya kusema pole kwa familia zile. Lakini aliyepelekewa taarifa akaikalia, akija kusema pole, amesema lugha ya mpita njia. Yeye si mpita njia. Neno lake lilikuwa *tusameheni*, na Kiswahili hakikumnyima neno hilo.

Kuna jingine. Mtu asiye na maiti hana kaburi, na asiye na kaburi hajui aanze matanga lini wala ayaanue lini. Hicho kitenzi *anua* twakitumia pia kwa nguo zilizoanikwa: huwezi kuanua ambacho hukuanika. Mzee wangu wa chini ya mwembe alikuwa katika hali hiyo. Mimi nilimtakia apoe wakati moto wenyewe ulikuwa hata haujapewa jina. "Bado," aliniambia, na alikuwa sahihi kuliko mimi.

Nilirudi kwake Juni 2024. Familia yake haikuwa miongoni mwa zilizokabidhiwa miili. Nilimkuta pale pale, mwembe ule ule. Katika ujana wake mzee huyu alikuwa mchukuzi wa nazi katika mji wa Malindi, akiishi na Waswahili wa Shela ya Malindi, kwa hiyo nilijua kwamba neno langu hatalikosa. Nilipoketi nikamwambia, "Makiwa, mzee."

Aliinua uso. Akanitazama kama mtu aliyesikia jina la rafiki ambaye hakulisikia siku nyingi.

"Tunayo, mwalimu," akasema. "Tunayo."

Kisha akaanza kunisimulia habari za binti yake. Alivyokuwa mdogo, alivyopenda kuimba, namna alivyomchukia mbuzi fulani mweusi. Tulikaa hadi alasiri. Mara ya kwanza nilipomwambia pole, mazungumzo yalikuwa yamekwisha pale pale.

Sisemi kwamba tulitupe neno *pole*. Ni neno zuri, na sijui nchi yetu ingeishije bila hilo. Ninayosema ni machache. Mosi, tumwambie pole mwenye mashaka, na tumwombe msamaha tuliyemkosea, na tusilifiche la pili nyuma ya la kwanza. Pili, tuliopo Pwani tulirudishe *makiwa* misibani, na walimu walitoe katika jedwali la mtihani wawaonyeshe watoto mahali linapokaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, tukishasema, tunyamaze tusubiri. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kumliwaza mtu nako ni hivyo hivyo: jibu ni lake. Akisema yamepita, tushukuru. Akisema tunayo, tusogeze kiti.